Kudumu Mahali au Kudumu Maisha? Uhakiki wa Msamiati wa Uhamaji wa Tabianchi katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati wa Kiswahili unaotumika kuwataja watu wanaoondoka makwao kwa sababu ya mafuriko, maporomoko ya ardhi na ukame katika Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba istilahi "suluhisho la kudumu", iliyoingia katika Kiswahili kwa njia ya sheria ya wakimbizi, imebeba dhana ya kutulia mahali pamoja, dhana isiyopatana na maisha ya wakulima wa milimani na mabondeni. Mifano imechukuliwa kutoka Bududa nchini Uganda, Rufiji na Dar es Salaam nchini Tanzania, na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika.

Utangulizi

Mwezi Julai 2022 ulishuhudia matukio mawili jijini Kampala. Mwanzoni mwa mwezi, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi. Mwishoni mwake, tarehe 29, mawaziri wa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika walitia saini Azimio la Kampala kuhusu uhamaji, mazingira na mabadiliko ya tabianchi, ambalo mwaka uliofuata lilipanuliwa jijini Nairobi ili nchi nyingine za bara ziweze kujiunga. Matukio haya hayakupangwa pamoja. Hata hivyo, kwa mtafiti wa lugha ni vigumu kuyatenganisha. Azimio linawahusu wakulima, wavuvi na wafugaji ambao wengi wao hawasomi Kiingereza wala Kifaransa. Lugha ambayo ingeweza kuwafikishia yaliyoamuliwa kwa niaba yao ndiyo hiyo iliyokuwa ikifunguliwa mlango wa serikali katika mji huohuo.

Kazi ya kufasiri haikungoja amri ya serikali. Waandishi wa habari, wahudumu wa misaada, wenyeviti wa vijiji na makarani wa kambi wamekuwa wakiifanya kila siku, mara nyingi kwa haraka na mvua ikiwa bado inanyesha. Msamiati waliouunda sasa una mazoea yake, na mazoea hayo yana matokeo. Neno linaloandikwa kwenye fomu ya usajili huamua iwapo mtu atapewa turubai, kiwanja, fidia, kadi ya ukimbizi, au notisi ya kuvunja nyumba.

Takwimu zenyewe zinaonyesha jinsi lugha inavyoweza kuponyoka. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba hadi watu milioni 216 katika kanda sita za dunia huenda wakahama ndani ya nchi zao kufikia mwaka 2050, na kati yao hadi milioni 86 wakawa Afrika Kusini mwa Sahara, endapo hatua madhubuti hazitachukuliwa. Sentensi hiyo ina ngome tatu za tahadhari: "hadi", "huenda" na "endapo". Inapofika kwenye vichwa vya habari, neno "hadi" ndilo la kwanza kudondoka njiani. Maneno "ndani ya nchi zao" hufuata, na msomaji hubaki na picha ya makundi yanayovuka mipaka na bahari.

Mkimbizi asiye na daftari

Istilahi "mkimbizi wa tabianchi" imeenea, na makosa yake yameelezwa mara nyingi kiasi kwamba hapa inatosha kuyapitia kwa ufupi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtambua mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mafuriko hayamo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua maana hiyo kwa kuongeza matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma, na wanasheria bado wanabishana iwapo ukame mkali unaweza kuingia humo. Wasomali walioingia Dadaab mwaka 2011 walikimbia njaa na vita kwa pamoja. Kama ukame peke yake ungetosha kuwafungulia daftari, hilo ni jambo la kutiliwa shaka.

Kwa hiyo neno hili linaahidi kile ambacho sheria haitoi. Lakini lina kasoro nyingine, ya kimaana, ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Kitenzi "kimbia" kina kasi ndani yake na kina kitu kinachofukuza nyuma. Mfugaji wa Turkana aliyeshuhudia misimu mitano ya mvua ikishindwa mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, akauza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha akampeleka kijana wake mjini kutafuta kibarua, hakukimbia. Aliondoka kidogo kidogo. Sera inayosubiri aonekane akikimbia itamfikia akiwa ameshafika.

Pale ambapo Burundi na Kongo hukutana kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, upungufu huu unaonekana kwa macho. Aprili 2020, mto Rusizi ulifurika na kuizamisha Gatumba upande wa Burundi, na katika mwezi huohuo mafuriko ya mto Mulongwe yakaua watu na kubomoa nyumba Uvira upande wa Kongo. Kiswahili kinasikika pande zote mbili za mpaka huo. Anayetoka Uvira kwa sababu ya bunduki husajiliwa upande wa pili kuwa mkimbizi. Anayetoka mtaa huohuo kwa sababu ya maji ni mgeni tu.

Mwathirika na mwathiriwa

Kuna jozi nyingine ya maneno ambayo wahariri huichukulia kuwa tofauti ya lahaja tu: Tanzania hupendelea "waathirika wa mafuriko", Kenya hupendelea "waathiriwa wa mafuriko". Yapo pia "wahanga", ambayo wasanifishaji wamekuwa wakiyapinga kwa sababu mhanga, kwa asili, ni yule anayejitoa au anayetolewa kafara, na mwanakijiji aliyechukuliwa na maji usiku hakujitoa kwa lolote.

Tofauti ya mwathirika na mwathiriwa haiishii kwenye lahaja. Kiambishi -ik- huonyesha hali: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Hakuna anayeulizwa. Kiambishi -w- cha kutendwa huacha nafasi ya mtendaji hata asipotajwa: kikombe kimevunjwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza na nani. Si kwamba wasemaji huyapima maneno haya kila wanapoyatamka. Mazoea yamekwisha kuyafifisha. Lakini katika majadiliano ya kimataifa, ambapo mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka 2023, swali la nani amesababisha ndilo kiini cha ubishi. Nchi zinazodai haki mbele ya wachafuzi wakubwa wa hewa zinadhoofisha dai lao pale zinapowaita raia wao kwa neno lisiloruhusu swali hilo.

Upande wa pili wa jambo hili ni mgumu zaidi kwa serikali zenyewe. Neno "tabianchi" nalo limeanza kufanya kazi ya -ik-. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024 yalifuatia mvua kubwa za El Niño, na pia yalikuja wakati Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, likiwa limebadilisha mwenendo wa mto. Mjadala ulizuka nchini kuhusu maji yapi ni ya mvua na yapi ni ya bwawa. Makala haya hayana uwezo wa kuamua suala hilo la kihandisi. Yanachoweza kusema ni kwamba sentensi "mabadiliko ya tabianchi yameleta mafuriko" hulifunga swali kabla wahandisi hawajalijibu, na kwamba mshauri wa sera anayeikuta kwenye taarifa anapaswa kuisoma kwa makini kama asomavyo sentensi ya mshtakiwa anayejitetea.

Hama, hamia, hamisha, hamishwa

Kiswahili kina utajiri usiotumika katika uwanja huu. Kutokana na mzizi mmoja, msemaji anapata "hama", kuondoka pasipo kutaja aendako. "Hamia", kuondoka kwa kuelekea mahali. "Hamisha", kumfanya mwingine ahame. "Hamishwa" na "hamishiwa", kufanywa uhame. Na "hamahama", kuondoka na kurudi bila kukoma. Nomino zake nazo zinatofautiana. "Uhamaji" hautaji mwisho wa safari. "Uhamiaji" unautaja, na kwa sababu ofisi za pasipoti zimelichukua neno hilo, tayari lina harufu ya mhuri na mpaka. "Uhamisho" ni wa walimu na wachezaji wa mpira.

Nyaraka nyingi za sera huyachanganya haya yote chini ya neno moja, na mara nyingi neno lenyewe huwa "uhamiaji". Matokeo ni kwamba mama aliyehama Jangwani kwa hofu ya maji, yule aliyehamishwa na gari la manispaa, na yule aliyehamia kwa dada yake Mbagala wanakuwa kitu kimoja katika jedwali.

Historia ya Dar es Salaam inaonyesha thamani ya kuyatofautisha. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua zaidi ya watu 40, serikali iliwapeleka baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Wapo waliokaa. Wapo waliorudi, kwa kuwa kibarua, soko na shule vilibaki mjini. Lugha ya umma iliwapokea waliorudi kwa maneno "wakaidi" na "wavamizi wa mabondeni". Maneno hayo yanawezekana tu ikiwa tukio la kwanza limehesabiwa kuwa kuhamia, yaani mtu alikwenda mahali, akapokea, kisha akaacha. Likielezwa kuwa kuhamishwa, kurudi kwao kunasomeka vingine: mtu aliyesogezwa na mwingine amerejea pale riziki yake ilipo. Miaka zaidi ya kumi baadaye, mradi wa kuendeleza bonde hilo kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia ulikuja na utaratibu wa fidia, na wale walioitwa wavamizi wakaandikwa kwenye orodha za wanaostahili kulipwa. Ardhi ilikuwa ileile na watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kitenzi.

Mlima ulioshuka

Kisa cha Bududa kinastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kuridhia Mkataba wa Kampala wa 2009, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu wakimbizi wa ndani, ambao kifungu chake cha 5 kinataja waziwazi majanga ya asili na mabadiliko ya tabianchi. Tarehe 1 Machi 2010, mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka na kukifukia kijiji cha Nametsi. Zaidi ya watu 300 wanakadiriwa kufa. Serikali iliwachukua manusura, familia zipatazo 600, ikawapeleka Kiryandongo, magharibi mwa nchi, zaidi ya kilomita 200 kutoka nyumbani, kwenye eneo la Panyadoli lililo jirani na makazi ya wakimbizi kutoka nchi nyingine.

Kwa vigezo vya taarifa rasmi, hili lilikuwa suluhisho. Ardhi ilipatikana, na haikuwa na mteremko wa kuporomoka. Kwa Wamasaaba wa Elgon, hesabu ilikuwa pana zaidi. Walikuwa wameacha mashamba ya kahawa na migomba kwenye udongo wa volkano ambao rutuba yake ndiyo iliyowaleta watu wengi hivyo kwenye miteremko. Walikuwa wameacha makaburi, mengine yakiwa ni udongo uleule ulioporomoka. Walikuwa wameacha imbalu, jando linalofanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ambalo humtaka kijana awe mbele ya watu wa ukoo wake. Baadhi walirudi mlimani wakijua fika kilichotokea pale. Oktoba 2018 maporomoko mengine huko Bukalasi, katika wilaya hiyohiyo ya Bududa, yaliua watu zaidi ya 40.

Mwaka 2019 serikali ilianza kuhamishia familia Bunambutye, wilayani Bulambuli, kwenye tambarare iliyo chini ya mlima uleule. Mpango huu una kasoro zake, na ukubwa wake haulingani kabisa na idadi ya watu wanaoishi kwenye miteremko ya hatari. Lakini kuna jambo ambalo mpango wa kwanza haukulielewa. Kutoka Bunambutye mlima unaonekana, na mwenye shamba la kahawa anaweza kwenda na kurudi. Kiryandongo kulimtaka mtu achague kati ya maisha yake na riziki yake. Bunambutye kunamruhusu, angalau kwa kiasi, alale bondeni na alime mlimani.

Maana ya kudumu

Hapa ndipo istilahi "suluhisho la kudumu" inapohitaji kuhakikiwa. Katika sheria ya wakimbizi masuluhisho haya ni matatu: kurejea nyumbani kwa hiari, kukaa na kukubalika katika nchi ya hifadhi, au kupelekwa nchi ya tatu. Mwongozo wa mashirika ya Umoja wa Mataifa wa mwaka 2010 kuhusu wakimbizi wa ndani uliyahamishia ndani ya mipaka: kurejea, kubaki ulikokimbilia, au kukaa kwingineko nchini. Muhimu ni kwamba mwongozo huo haupimi udumu kwa mahali. Unaupima kwa haja: suluhisho limepatikana pale mtu anapokuwa hana tena mahitaji ya msaada au ulinzi yanayotokana na kuhama kwake, na anafaidi haki zake bila kubaguliwa.

Tafsiri ya Kiswahili imelipoteza hilo, na kosa si la mtafsiri peke yake. "Dumu" katika matumizi ya kawaida ni kubaki bila kukoma wala kubadilika. Kinachodumu kimesimama. "Makazi ya kudumu" ni nyumba ya matofali na bati, kinyume cha kibanda. Kwa hiyo afisa anayesoma "suluhisho la kudumu" anaona matofali na bati, na anaposikia kwamba watu wameonekana tena mtoni, anahitimisha kwamba suluhisho limeshindikana.

Rufiji inaonyesha kwamba kosa hili ni kongwe kuliko neno tabianchi. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwatoa wakazi kwenye uwanda wa mafuriko na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Lengo lilikuwa jema kwa sehemu: kuwaokoa watu na maji, kuwapa shule na zahanati. Lakini mto haukuwa adui tu. Maji yanapopungua huacha tope lenye rutuba, na kwenye tope hilo wakulima hupanda mlau, zao la baada ya mafuriko, linaloweza kuokoa mwaka ambao mvua zimekosa. Wanakijiji walikaa juu na kuendelea kulima chini, wakijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo familia hukaa msimu wa kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Umbali uliongezeka, na kazi ikaongezeka nao. Mpangaji aliona watu wakaidi wasiotaka maendeleo. Kwa jicho la leo dungu ni teknolojia ya kuishi na maji, na linastahili nafasi katika mpango wa makazi kama inavyostahili nyumba ya bati.

Watu wa Rufiji hawakukosa udumu. Walidumu kwa kusogea. Kitenzi cha maisha hayo ni "hamahama", ambacho lugha ya utawala imekiachia wafugaji pekee, na kwao pia kwa sauti ya lawama. Kama wasanifishaji wa istilahi wanatafuta neno, "suluhisho la kutegemeka" lingekuwa karibu zaidi na mwongozo wa 2010 kuliko "suluhisho la kudumu", kwa kuwa kutegemeka kunauliza kama mtu anaweza kuegemea pale alipo, pasipo kumtaka asiinuke tena. Pendekezo hili lina udhaifu: "suluhisho la kudumu" limekwisha kuenea, na istilahi iliyoenea haing'oki kwa makala ya kongamano. Angalau nyaraka zinaweza kuieleza pale zinapoitumia kwa mara ya kwanza.

Ardhi isiyo katika itifaki

Baadhi ya watafiti wameona tumaini katika itifaki za usafiri huru, na tumaini hilo lina msingi. Itifaki ya IGAD, katika kifungu cha 16, inawataka wanachama kuwaruhusu raia wa nchi nyingine kuingia wakati wa janga, baada yake, na hata kabla halijatokea. Neno "kabla" ni hatua kubwa, kwa sababu linamtambua yule anayeondoka kidogo kidogo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haimuulizi mtu kwa nini amehama. Mwanajumuiya anaweza kuvuka mpaka kutafuta kazi pasipo kuthibitisha kwamba ni mkimbizi wa chochote.

Lakini haki ya ukaazi katika itifaki hiyo imefungwa kwa wafanyakazi na waliojiajiri, na kifungu cha 15 kinaacha suala la kupata na kutumia ardhi kwa sera na sheria za kila nchi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Katiba ya Kenya ya 2010 humruhusu kupanga kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa fundi seremala wa Gatumba, itifaki hii ni mlango ulio wazi. Kwa jirani yake mwenye jembe, mlango unafunguka kwenye ukuta.

Katika rasimu za Kiswahili za nyaraka hizi, mtafsiri hukutana na uamuzi mdogo anapofika kwenye mahali ambapo watu waliopoteza makao watapelekwa. Anaweza kuandika "makazi mapya", kama ilivyozoeleka, na msomaji ataona nyumba. Anaweza kuandika "makazi na mashamba", na afisa wa mipango atalazimika kuulizwa mashamba hayo yako wapi, ni ya nani, na hati itaandikwa kwa jina la nani: la baba, la mama, au la wote wawili.